Sikio la Ng'ombe Katika Mapambo ya Krismasi

Kwa miaka tisa nilikuwa karani wa klemu katika tawi la kampuni ya bima mjini Kisii, ghorofani, juu ya duka la misumari na mabati, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kutopiga muhuri.

Muhuri wenyewe ulikuwa pale mezani, wa chuma, wenye magurudumu madogo ya tarehe ambayo niliyazungusha kila asubuhi kabla hata ya kuvua sweta. Mtu akileta klemu, yaani barua ya kusema nyumba yangu imeungua au gari langu limegongwa, nilipeni kama mlivyoahidi, karani anatakiwa kuigonga muhuri wa siku ile ile. Ikishagongwa inaingia kwenye rejista. Ikishaingia kwenye rejista inafika Nairobi, na ikifika Nairobi kampuni inalazimika kuiwekea pesa kando. Sasa kampuni yetu ilikuwa na vitu vingi. Ilikuwa na kalenda za kupendeza, miavuli yenye nembo na mkurugenzi mwenye magari mawili makubwa. Pesa za kuweka kando ndizo hazikuwepo. Kwa hiyo makao makuu walipiga simu tawini wakatufundisha neno. Hatukatai klemu ya mtu, walisema, tunaipumzisha. "Pumzisha hiyo kwanza," ndivyo nilivyoambiwa kila nilipouliza, nami nikaipumzisha bila muhuri ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, chini ya sinki, pale tulipochemshia chai.

Sitajifanya nilikuwa sijui. Nilijua vizuri sana. Lakini mshahara ulikuwa unaingia, nilikuwa nimepanga nyumba Nyanchwa yenye maji ya mfereji, na sikuwa tayari kurudi kuteka maji kwa ndoo kwa sababu ya barua za watu nisiowajua.

Meneja wetu alijua kuliko mimi. Alikuwa mzee wa kanisa, Msabato wa kutoka moyoni, mtu ambaye Ijumaa jua likianza kuteremka alifunika hata kikokotoo kwa kitambaa. Uongo aliuogopa kwelikweli. Hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake, maana ofisi ile ilihitaji uongo kidogo kila wiki, na ilibidi atafute njia ya kupita katikati. Aliipata. "Kunyamaza si kusema uongo," aliniambia siku moja huku macho yakimng'aa. "Amri inakataza kushuhudia uongo. Haisemi ni lazima ushuhudie." Alifurahia ugunduzi huo kana kwamba amepandishwa cheo.

Mama wa Nyansiongo alikuja asubuhi ya mvua, amevaa gambuti na leso, amebeba kapu lililofunikwa kwa jani la mgomba. Alikuwa mjane, rika la mama yangu mzazi. Nilimfahamu kidogo. Mwaka uliotangulia tulikwenda Nyansiongo siku ya wakulima kuuza bima ya mifugo, na mimi ndiye niliyeshika kipaza sauti chini ya hema nikawaeleza watu kwa Ekegusii na Kiswahili namna mambo yanavyokwenda. Ng'ombe akikatiwa bima anatobolewa sikio na kuvishwa kipande cha plastiki cha njano chenye nambari. Akifa, niliwaambia, leteni barua ya daktari wa mifugo pamoja na nambari ya sikio. Nilimaanisha kile kipande cha plastiki. Mkulima mwingine yeyote angenielewa. Huyu mama alinisikiliza neno kwa neno.

Aliondoa jani la mgomba, akatoa sikio zima na kuliweka juu ya meza yangu, kando ya muhuri. Lilikuwa na mabaka meusi na meupe, limekauka kabisa, na plastiki ya njano ilikuwa bado imeshikilia. Alikuwa amelining'iniza juu ya meko kwa siku tatu lisije likaoza njiani. Chumba kizima kikanuka moshi.

"Mama, tulitaka hiki kidude cha njano peke yake," nikamwambia.

"Hiyo ya njano si inauzwa kwa agrovet?" akaniuliza. "Mtu anaweza leta kumi. Sikio haiuzwi."

Tangu siku ile nimekutana na wakaguzi, mawakili na bwana mmoja aliyesomea hesabu za bima ng'ambo, na hakuna hata mmoja aliyenipa hoja ya ushahidi iliyoishinda hiyo.

Ng'ombe alikuwa mmoja tu, wa maziwa, mwenye mimba. Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa akimlisha mama. Baada ya kumzika, yule mama alikuwa ameanza kuchuma majani chai katika mashamba ya majirani, akilipwa kwa kilo, naye magoti yake yalikuwa mabovu kiasi kwamba ngazi zetu alizipanda upande upande. Aliniambia anachotaka bila kuzunguka: apate mtamba mwingine, aache kuchuma chai ya watu. Fomu ilisema klemu iletwe kabla ya siku kumi na nne kupita tangu ng'ombe afe. Yeye alikuja siku ya nne. Barua ya daktari ilikuwepo, imesainiwa. Nilichotakiwa kufanya ni kunyoosha mkono, kushika muhuri na kugonga.

Nilipiga simu Nairobi.

"Pumzisha," wakasema.

"Hata ng'ombe?"

"Hasa ng'ombe."

Nikamwambia tumepokea, tutakupigia. Sikio na barua nikavitia kwenye bahasha ya khaki, na nyuma ya bahasha nikaandika kwa penseli tarehe ya siku ile. Mpaka leo sijui kwa nini niliiandika. Labda mkono wangu ulikuwa mwaminifu kuliko mimi. Kisha nikaisukumia bahasha ndani ya katoni chini ya sinki na kwenda kunywa chai.

Miezi kadhaa baadaye ikaja barua kwamba serikali inatuma mkaguzi. Kwa asiyejua, kampuni ya bima si kama duka la sukari, ambapo unatoa hela na kupewa kilo yako papo hapo. Bima unalipa leo kwa ahadi ya kesho, na kati ya leo na kesho mwenye kampuni anakaa na pesa za watu akitamani kuzila. Ndiyo maana serikali hutuma watu wa kufungua vitabu na kuuliza swali lile lile kwa sauti tofauti: mkilazimika kumlipa kila anayewadai, mtabaki na nini? Kampuni isiyodaiwa inaonekana tajiri hata kama kabati ni tupu. Sisi tulikuwa tajiri kwa namna hiyo.

Meneja alinunua mtungi wa kuzimia moto. Alinunua maua ya plastiki na pazia. Aliagiza njugu za kuchemsha, ndizi mbivu na chupa kubwa ya chai ya maziwa. Halafu akanipa kalamu nene ya wino, akanionyesha katoni chini ya sinki na kuniambia, "Andika hapo kitu ambacho mtu akisoma hatatamani kufungua."

Nikaandika MAPAMBO YA KRISMASI. Nilijiona mjanja sana.

Mkaguzi alikuwa mzee wa Pwani, mwembamba, mwenye Kiswahili kilichonyooka hata ukaona haya kufungua kinywa mbele yake. Alisalimu kila mtu kuanzia soja wa mlangoni, akaketi, akafungua mkoba wake na kutoa chupa yake ya chai. Chai yake mwenyewe! Mtu anayekuja Kisii na chai kutoka kwake anakuwa ametukana vilima vyote vya Gusii kwa pamoja. Meneja aliumia mpaka ikaonekana usoni.

"Niwie radhi, bwana," mkaguzi akasema. "Kazi yetu haituruhusu kula wala kunywa cha yule tunayemkagua."

"Hata njugu?"

"Hata njugu."

Alipokwenda kuswali mchana, meneja alimwagiza soja aweke mkungu wa ndizi kwenye gari la mgeni. Mkaguzi aliporudi akaukuta. Aliubeba mwenyewe, akaupandisha ngazi zote, akauweka juu ya meza ya meneja, kisha akaandika kwenye daftari lake kwamba mkungu mmoja wa ndizi umerudishwa ukiwa mzima, akamfanya meneja atie saini. Nilikwenda kusimama dirishani nikawapa mgongo ili wasinione nikicheka.

Kicheko hakikudumu, kwa sababu ya paka. Duka la mabati pale chini lilikuwa na paka wa kukamata panya, na paka huyo alikuwa amegundua chini ya sinki letu kuna kitu cha thamani. Siku zote mbili za ukaguzi alikaa mbele ya katoni. Aliikwaruza. Aliililia. Nilimfukuza mara tano, na mara tano alipanda ngazi akarudi mahali pale pale. Siku ya pili mkaguzi alikwenda kusuuza kikombe chake, akamwona, akainama na kumpapasa kichwa. Kisha akasoma maandishi kwenye katoni. Kisha akainua macho kwenye ukuta, ilipotundikwa kalenda ya kanisa yenye saa za jua kutua kila Ijumaa.

"Ninyi nyote hapa ni Wasabato?" akauliza.

"Sote," meneja akajibu kwa fahari.

"Na Krismasi huwa mnapamba?"

Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu. Kanisani kwetu hatukuwa na desturi ya kupamba Krismasi, na Nyanchwa yote inajua hivyo. Meneja alifungua kinywa na kukifunga, kwa maana elimu yake ya kunyamaza haikuwa imefika hapo.

"Ni ya wateja," nikasema.

"Ya wateja," mkaguzi akarudia. Akampapasa paka tena, akarudi mezani.

Alasiri aliniita na rejista. "Dada, madai yote yaliyopokelewa katika tawi hili yamo humu?"

Jibu nilikuwa nimefundishwa wiki nzima. "Yaliyopigwa muhuri yote yamo."

Kalamu yake ilisimama. Kisha akaandika jibu langu kama nilivyolisema, neno kwa neno. Baadaye nilikuja kujua kwamba maneno yale yalikuwa katika ripoti yake, na kwamba wenzake waliokagua matawi mengine walikuwa wamepewa majibu yaliyofanana nayo kana kwamba tuliimba kwaya moja. Siku ile nilimwona akishuka ngazi na chupa yake, nikamshukuru Mungu. Meneja aliitisha maombi. Tuliomba, tukala zile ndizi.

Yule mama aliendelea kuja. Kila mara alipofika mjini kwa shughuli nyingine alipanda ngazi zetu upande upande, akaketi kwenye benchi, akasema, "Nimekuja kuona sikio yangu."

"Bado imepumzika, mama."

"Inalala mpaka lini?"

Hakuwahi kunitukana. Aliniita baba, ambalo kwa Ekegusii ni neno la kumwita mama, nasi humwita hivyo hata mtoto wa kike tukimpenda. Aliniuliza habari za nyumbani. Mara moja aliniletea maparachichi matatu, nami nikayala, Mungu anisamehe, nikayala pale pale na chumvi. Vidole vyake vilikuwa vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa majani chai. Mwishowe sikuweza tena kuvitazama, nikaanza kumwepuka. Nilimwagiza soja amwambie nimekwenda chakula cha mchana, hata ikiwa saa nne asubuhi, nami nikabaki nyuma ya pazia jipya nikimsikiliza akishuka, mguu mmoja, halafu mwingine, halafu mapumziko. Nilijichukia. Nilimchukia na yeye pia kwa kunifanya nijichukie, na hilo ni jambo ambalo nimelisema kwa watu wachache.

Miaka miwili ilipita hivyo. Kisha mkaguzi akarudi, safari hii bila kutangaza, na barua mkononi. Serikali ilikuwa imewanyang'anya wakurugenzi kampuni na kuweka msimamizi wake. Malipo yote yalisimamishwa kwa muda ili ijulikane kampuni ina nini na inadaiwa na nani, na kazi ya mkaguzi ilikuwa kupita tawi baada ya tawi kuandika wanaodai. Alibandika tangazo mlangoni, kwa Kiingereza cha kisheria, na juu kabisa kwa herufi kubwa neno MORATORIUM, ambalo maana yake ni hiyo hiyo amri ya kusimamisha malipo.

Watu walikusanyika chini wakamwomba soja awasomee. Soja wetu alikuwa mtu wa kujiamini. Alilitazama neno lile mara moja, akaona anajua linaanzaje, akajaza mengine mwenyewe.

"Kampuni iko mochari," akatangaza.

Ukimwambia mtu wa mji mwingine kwamba kampuni iko mochari atacheka. Sisi hatukucheka. Kwetu mtu akiwa mochari kuna mambo ya kufanya, na yana utaratibu. Mochari maana yake mazishi yako karibu, na kwenye mazishi, kabla ya udongo kuingia kaburini, mzee wa familia husimama na kuuliza: marehemu alikuwa na deni la nani? Aliyekuwa anamdai aseme sasa. Usiposema pale mbele za watu, umenyamaza moja kwa moja, hakuna mahali utakapokwenda kudai tena. Habari ilishuka sokoni, ikapanda Nyamira, na kufikia kesho yake ilikuwa imefika Borabu, upande wa Nyansiongo.

Asubuhi ya siku iliyofuata tulikuta ngazi zimejaa. Wanawake walikuwa wamejifunga leso kiunoni, wanaume wamevaa makoti. Mzee mmoja alikuja na kiti chake cha kukunja, kama mtu anayejua hotuba zitakuwa ndefu. Walizungumza kwa sauti ya chini. Mama mmoja alinishika mkono na kunipa pole.

Mkaguzi alitoka ofisini akawatazama. "Kuna msiba?" akaniuliza. "Nani amefariki?"

"Kampuni," soja akajibu akiwa amevua kofia.

Nilitegemea mkaguzi awatawanye. Badala yake aliwakaribisha ndani, akaomba walioweza kuketi waketi, akaniagiza nilete rejista. Kisha yule mama wa Nyansiongo akapita katikati ya watu. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani.

"Familia ni nani hapa?" akauliza.

Watu walimtazama meneja. Meneja akanitazama mimi. Mama akafuata macho yao, akaniona.

"Baba! Kumbe uko!"

Mkaguzi aliitazama sketi yangu. "Amekuita baba?"

"Kwa Ekegusii baba ni mama," nikamwambia.

"Na baba huitwaje?"

"Tata."

Aliliandika hilo pia. Mama alingoja amalize, kwa maana mgeni ni mgeni, kisha akasimama wima jinsi watu wanavyosimama kaburini, mikono mbele, akasema kwa Kiswahili ili mgeni asikie.

"Mimi natoka Nyansiongo. Marehemu alichukua sikio ya ng'ombe yangu, sasa ni miaka mbili. Hajanilipa na hajanirudishia sikio. Nasema mbele ya watu kabla mchanga haijaingia."

Watu waliitikia kwa kunong'ona. Mkaguzi hakucheka, na hilo nimemheshimia mpaka leo. Alifungua rejista, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, akafika mwisho. Akamtazama meneja.

"Kwenye rejista haimo," meneja akasema. Hata hapo hakuwa amedanganya.

Mama hakubishana naye. Aligeuka akanitazama tu, akingoja niseme, kama mtu anayengoja chenji yake kwa mwenye duka anayemwamini. Hakushuku chochote. Laiti angenifokea ningekuwa na la kujibu. Ningependa kusema niliinuka kwa ajili ya haki, lakini ukweli ni kwamba niliinuka kwa sababu kiti kilikuwa kimenishinda kukalia. Nilikwenda chini ya sinki, nikaiburuta katoni sakafuni mbele za watu wote mpaka miguuni pa mkaguzi.

Akasoma maandishi. "Krismasi imewahi mwaka huu," akasema.

Klemu thelathini na moja zilitoka ndani ya katoni ile: nyumba, pikipiki, lori la mawe, mkono uliovunjika. Bahasha ya khaki ilikuwa chini kabisa. Mkaguzi aliinua sikio kwa vidole viwili na kuliweka juu ya karatasi safi. Kona moja ilikuwa imetafunwa, na nambari ya njano ilikuwa inasomeka vizuri. Mzee wa kiti cha kukunja akavua kofia. Halafu, bila mtu kuagiza, watu wakapanga mstari na kupita mmoja mmoja kulitazama, wakitikisa vichwa, kama wanavyopita mbele ya jeneza. Wanaume wawili walitokwa na machozi ya kucheka, lakini nao walipita mstarini.

"Hii ilifika hapa lini?" mkaguzi akaniuliza.

Hapo ndipo penyewe. Nikisema imefika leo, siku kumi na nne zilipita zamani na klemu imekufa. Nikisema tarehe ya kweli, ilikuja kwa wakati na kampuni inadaiwa, na mtu aliyeipokea akaiweka chini ya sinki anajulikana. Meneja aliinama sikioni pangu. "Andika ya leo," akaninong'oneza kwa Ekegusii. "Imekuja leo, imeandikwa leo, basi." Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa kumsikia akiomba uongo mtupu, usiovikwa nguo yoyote. Nilimhurumia. Alikuwa na watoto shuleni na jina kanisani.

Nikageuza bahasha na kumwonyesha mkaguzi ile tarehe ya penseli.

Nitasema hapa yaliyofuata, maana sipendi kumwacha mtu roho juu. Kampuni haikufufuka. Mimi na meneja tulifutwa kazi, na nilihojiwa mara tatu na watu wa Nairobi wasiokuwa na ucheshi wa aina yoyote. Yule mama aliandikwa katika orodha, akalipwa kutoka kwenye mfuko ambao serikali huuweka kwa ajili ya wateja wa kampuni za bima zilizoanguka. Hakulipwa yote. Alinunua mtamba mdogo kuliko ng'ombe aliyekufa, ikabidi achume chai ya watu msimu mmoja zaidi akingoja mtamba azae. Nilihama Nyanchwa. Ndoo ya maji si nzito kama nilivyodhani.

Lakini asubuhi ile hakuna aliyeyajua hayo. Mkaguzi aliweka mbele yangu karatasi ya maelezo, yenye mstari wa tarehe ya kupokelewa na mstari wa jina la aliyepokea. Nilishika kalamu. Muhuri ulikuwa pale pale karibu na mkono wangu, na safari hii haukuwa na kazi.

"Dada," akasema kwa upole, "kabla hujaandika, hakikisha umeelewa. Ukiijaza hivyo, maelezo haya yatamsaidia mama huyu, na ndiyo yatakayotumika dhidi yako. Mimi sitaweza kuyafuta."

Kiswahili cha Pwani kilikuwa kimempita mama kwa kasi. Alinivuta sweta akauliza kwa Ekegusii, amesema nini huyu? Nikamwambia: anasema nikiandika hivi nitapoteza kazi, pengine hata nishtakiwe. Nadhani nilikuwa nangoja anihurumie, au aniambie pole, au angalau ashtuke.

Alikaza leso kiunoni. Aliitazama karatasi, akaitazama kalamu, akanisogezea kiti changu nikae vizuri.

"Basi andika polepole," akasema, "wasije wakashindwa kuisoma."